Kiuno cha Januari

Fundi mwenye pini mdomoni hasemi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa Mama Pini alipokabidhiwa cherehani, na ndiyo iliyompa jina. Bibi aliyemfunza kazi, mkali kama wembe mpya, alikuwa akisema kiuno cha mteja ni siri ya fundi. Mteja akija amenenepa, pima, andika, nyamaza. Mwambie amependeza. Akishaondoka, fumua mshono wa ubavuni, achia kitambaa kidogo, shona upya, ili akija kuchukua nguo imkae vilevile kama siku zote na aende zake anatabasamu. Ndiyo maana kila gauni linalotoka mikononi mwa Mama Pini limefichiwa inchi mbili za akiba kila ubavu. Kwa miaka kumi na tisa sheria hiyo ilimlisha, ikamsomeshea watoto, na ni mteja mmoja tu aliyewahi kutoka mlangoni kwake amenuna.

Sheria nzuri, basi, mpaka ilipotaka kumuua wifi yake.

Huyo wifi ni dada mkubwa wa mumewe, na anafundisha katika shule ya udereva iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la chumba cha kushonea. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki, kwa sababu neno hilo hulitamka mara mia kwa siku, tena kwa sauti inayomfanya kinyozi wa jirani aondoe mashine kwenye kichwa cha mteja. Ana mdomo, wifi huyo. Siku Mama Pini alipoletwa katika ukoo, alimkagua kuanzia utosini mpaka kisiginoni, kisha akawatangazia ndugu: "Mdogo wangu ameoa mtu, au ameoa mti wa kutundikia nguo?" Watu wakacheka, bibi arusi naye akacheka, na tangu hapo wakawa wanataniana kama mawifi wanavyotaniana, nusu mapenzi, nusu miba.

Mwiba ulichoma mara moja tu, na mteja aliyenuna ndiye huyo huyo. Miaka mitano iliyopita Mama Pini aliteleza ulimi akiwa anampima: "Wifi, naona unanawiri." Mwalimu Breki akashuka kwenye kigoda, akakunja kitambaa chake, akaondoka. Mwaka mzima na miezi miwili alishonewa kwingine. Kwenye shughuli za familia alisalimia kila mtu, hata paka, akamruka yeye, na mume akawa anabeba salamu kati yao kama tarishi. Walipopatana, Mama Pini alijiapiza: pini mdomoni, na kimya.

Sasa ikaja kazi ya vitambaa vya kichwa.

Mkunga wa kliniki ya mtaani, mteja wa siku nyingi, alileta vitambaa arobaini vyeupe akataka vidariziwe maneno kwa uzi wa kijani. Kikundi chake cha akina mama kingevivaa kikipita nyumba kwa nyumba. Maneno yenyewe aliyaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: TUMBO KUJAA. KUSHIBA UPESI. MAUMIVU YA NYONGA. MKOJO KILA MARA. YAKIZIDI WIKI TATU, KAPIME OVARI.

"Dada mkunga, hiki ni kitambaa cha kichwa au gazeti?" Mama Pini alilalamika. "Hebu tupunguze."

"Punguza marembo ya pembeni. Maneno usiguse." Mkunga alikaa kwenye benchi, akavua viatu. "Unajua kwa nini? Saratani ya ovari ni mjanja. Zile ovari, vifuko vya mayai, ziko ndani kabisa, huoni kitu, hushiki kitu. Dalili zake ni hizi hizi za kila siku. Nani hajawahi kujaa tumbo? Kwa hiyo mtu anakunywa dawa ya gesi, anajiambia ni umri, ni uchovu, ni nini sijui. Wengi tunawapata maji yameshazidi unga."

"Sasa mimi nitajuaje kama ni gesi au ni hiyo?"

"Hutajua. Daktari ndiye atajua. Wewe unachotakiwa kujua ni kwamba jambo ni geni kwako, linarudi karibu kila siku, na haliondoki. Basi. Likifanya hivyo, unakwenda kupimwa. Mara nyingi utaambiwa si saratani, urudi nyumbani ulale. Lakini unakwenda."

Kitambaa kimoja kilichukua karibu nusu saa. Siku ya kwanza Mama Pini alikuwa analalamikia uzi. Siku ya pili analalamikia herufi M, ambayo ina milima mingi. Siku ya tatu alikuwa kwenye kitambaa cha ishirini na saba, na hakuwa tena anaitazama karatasi. Neno ukilisoma unaweza kulisahau. Neno ukilishona herufi kwa herufi mara ishirini na sita linahamia kwako na virago vyake.

Alikuwa katikati ya MKOJO KILA MARA pale gari jeupe la shule ya udereva liliposimama mlangoni kwake, gurudumu moja juu ya ukingo wa barabara. Mlango ukafunguka, Mwalimu Breki akatoka bila kuufunga, akaingia mbio mbio amebana mkoba tumboni.

"Wifi, choo!"

Akapita, akaenda uani. Ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. Nje, mwanafunzi wake, mzee mmoja mstaafu aliyeamua kujifunza gari uzeeni, alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa utachukuliwa. Mama Pini alimchungulia, akamsalimu.

"Mwalimu wetu siku hizi anatufundisha sana kuegesha," mzee alisema kwa ucheshi. "Vituo vyote vya mafuta vya mji huu nimeshaegesha. Nikifaulu mtihani, nitakuwa nimefaulu kwa ajili ya vyoo."

Mama Pini alicheka. Kisha mguu wake, uliokuwa unataka kukanyaga pedali, ukakataa. Sindano ilikuwa imesimama kwenye KILA M, na hapo ikabaki.

Wifi alipotoka uani, alikuwa anajishika chini ya kitovu. "Gesi," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekula nusu sahani tu mchana, nimejaa kama niliyemeza puto. Na mkanda wa gari unaniumiza, siku hizi nauwekea mto. Umri huo, wifi. Ngoja na wewe ufike." Akatoka. Sekunde chache baadaye mtaa mzima ulisikia: "Breki! Breki, mzee wangu, breki!"

Mama Pini alivuta droo, akatoa daftari la vipimo.

Daftari lake ni nene, jalada limechakaa, kila mteja na ukurasa wake, kila kipimo na tarehe yake. Ukurasa wa wifi aliujua, lakini hakuwahi kuusoma kutoka juu hadi chini. Hakuna fundi anayesoma hivyo. Fundi anatazama mstari wa mwisho, anakata kitambaa. Sasa alisoma. Januari, kiuno thelathini na tatu. Machi, thelathini na nne. Mei, thelathini na tano na nusu. Julai, yaani wiki iliyopita, thelathini na saba. Kisha akapitisha kidole kwenye safu ya mkono. Kumi na tatu na nusu. Kumi na tatu na nusu. Kumi na tatu. Kumi na mbili na nusu. Kifua nacho kilikuwa kimepungua inchi nzima.

Hapo alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha sponji, kwa sababu mdomo ulianza kutetemeka na hakutaka kumeza chuma.

Mtu akinenepa, hunenepa mkono, hunenepa mgongo, kola inambana. Hilo hata mwanagenzi wa wiki moja analijua. Mwili huu ulikuwa unakonda kila mahali isipokuwa sehemu moja. Na yeye, fundi wa miaka kumi na tisa, ameushika kwa mikono yake mara nne na hakuona, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye nguo.

Kulikuwa na jambo baya zaidi, nalo lilimchoma. Magauni matatu ya kazi ya wifi, yale ya bluu yenye kola nyeupe, aliyafumua ubavuni mwezi Machi, akayafumua Mei, akayafumua Julai. Kila mara kimya kimya. Kila mara Mwalimu Breki alivaa moja, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Unaona? Mwaka wa sita huu, gauni ni lile lile. Mwili wangu haunisaliti." Na Mama Pini akajibu, "Umependeza, wifi." Tena ukweli usemwe: ile mara ya pili alicheka kimoyomoyo. Wifi mwenye kukagua viuno vya wenzake, kumbe naye! Alijisikia mjanja siku hiyo. Leo alijisikia mchawi. Mwanamke huyu alikuwa na saa ya kumwamsha, na yeye alikuwa anaizima kila ilipolia.

Jioni alimweleza mume. Mume aliweka chini simu yake, akamtazama kwa woga wa mtu aliyewahi kuwa tarishi. "Mke wangu, unataka kuanza tena? Dada anajijua."

"Hajijui. Mimi ndiye niliyemfanya asijijue."

Kesho yake saa sita alimkaribisha wifi chakula cha mchana chumbani mwa kazi. Mwalimu Breki alikula vijiko vitano, akasukuma sahani. Mama Pini alivihesabu.

"Wifi, haya ya tumbo yana muda gani?"

"Yapi?"

"Kujaa. Kushiba. Choo."

"Aa, tangu... sijui. Wakati wa mvua." Mvua zilikwisha miezi miwili nyuma.

"Twende tukapime."

"Tukapime nini? Nilipimwa mwaka jana mlango wa kizazi, nikaambiwa safi kabisa. Cheti ninacho."

"Nimempigia mkunga asubuhi. Anasema kile ni kipimo kingine. Kinaangalia mlango, hakioni ovari."

Mwalimu Breki aliinua macho taratibu. "Umempigia mkunga. Kunihusu mimi. Ukamwambia nini?"

Mama Pini angeweza kurudi nyuma hapo, na alitamani sana. "Nilimwambia kiuno chako kimeongezeka inchi nne."

Wifi akasimama. "Nilijua. Miaka mitano umeniwekea kinyongo. Mimi navaa gauni lile lile, linanikaa vilevile, wewe unaniambia inchi nne! Unapimia mpira? Usinipime tena." Alichukua mkoba, akafika mlangoni, akageuka. "Na lile gauni langu la tatu, ulilosema unakaza pindo, nalifuata kesho. Kisha basi."

Mama Pini alikaa akitazama sahani iliyobaki. Alilia kidogo, hilo halina aibu. Halafu akapangusa uso kwa kipande cha bitana, akajiambia kwamba mwaka mmoja na miezi miwili ya kununiwa aliweza kuvumilia, na ikibidi atavumilia kumi, ilimradi anayenuna yupo. Maneno yamegonga ukuta. Sawa. Wifi haamini maneno, anaamini gauni.

Asubuhi alifungua duka mapema, akalitandaza gauni la tatu juu ya meza. Kwa kisu kidogo cha kufumulia akaondoa mshono wa Julai. Chini yake palikuwa na alama ya chaki ya Mei, akaipita. Akaipita ya Machi. Akafika kwenye matundu madogo madogo ya sindano ya Januari, yaliyobaki kwenye kitambaa kama nyayo, na akashona juu yake, tundu kwa tundu, bila kuongeza wala kupunguza. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Mabega na mikono hakuigusa. Alipomaliza, akalipiga pasi na kulitundika, na daftari akaliweka wazi chini ya kioo.

Mwalimu Breki alikuja saa nne, uso umefungwa. "Gauni."

"Lijaribu kwanza."

"Sina haja."

"Wifi, nguo haitoki hapa bila kujaribiwa. Hata kama tumegombana."

Alikwenda nyuma ya pazia. Mama Pini alisikia mkwaruzo wa zipu ikipanda, ikisimama. Ikipanda, ikisimama. Akasikia pumzi ikivutwa ndani. Kisha pazia likavutwa.

Gauni lilikuwa wazi mgongoni kwa upana wa kiganja, na tumboni limekaza mpaka nyuzi zinaonekana. Lakini mabegani lilikuwa linaning'inia. Kola, iliyokuwa ikimkaa shingoni sawasawa, sasa ilikuwa na nafasi ya vidole viwili, na mikono yake ilitoka kwenye mikono ya gauni myembamba, kama ya mtu mwingine. Mwalimu Breki alijitazama kiooni. Akajigeuza upande. Akajigeuza tena.

"Umekosea kushona," alisema, lakini sauti ya breki haikuwamo.

"Sijakosea. Hicho ni kiuno chako cha Januari. Nimekirudisha pale pale kilipokuwa." Mama Pini alisogea, mdomo mtupu, bila pini hata moja. "Gauni halikuwa lile lile, wifi. Nililipanua Machi, nikalipanua Mei, nikalipanua wiki iliyopita, mpaka akiba yote ya kitambaa ikaisha. Sikukwambia. Niliogopa utanuna. Na mara moja nilicheka. Nisamehe kwa hilo baadaye, ukitaka nigombeze mpaka uchoke, lakini leo twende hospitali."

Mwalimu Breki alitazama daftari lililo wazi, akainama, akasoma ukurasa wake kwa kidole, tarehe kwa tarehe. Kisha macho yake yakaenda kwenye cherehani, ambako kitambaa cha ishirini na saba kilikuwa bado chini ya sindano. Akasoma na hicho. Tumbo kujaa. Kushiba upesi. Maumivu ya nyonga.

"Na nyonga?" Mama Pini aliuliza kwa upole.

"Upande wa kushoto," wifi alisema. "Nilidhani ni kiti cha gari." Akakaa kwenye kigoda, na gauni likalia kwenye mshono. "Wifi, naogopa."

"Na mimi naogopa. Vaa viatu."

Hospitali foleni ilikuwa ndefu, na Mwalimu Breki, ambaye kwenye foleni yoyote hupanga watu kwa sauti, alikaa kimya mkoba mapajani. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliuliza tatizo nini. Na hapo, baada ya yote hayo, Mama Pini alimsikia wifi yake akisema kwa sauti ndogo ya adabu: "Gesi tu, daktari. Na kwenda haja ndogo kidogo."

Daktari alishaanza kuandika. Dawa ya gesi, dawa ya kuua wadudu kwenye mkojo, urudi baada ya mwezi.

"Daktari," Mama Pini alisema, "samahani. Mimi si daktari. Mimi ni fundi cherehani. Lakini huyu ni wifi yangu na mwezi hatuna." Akaliweka daftari juu ya meza, juu ya karatasi ya dawa kabisa, na kidole chake kwenye mstari wa kwanza. "Kiuno hiki hapa. Mkono huu hapa. Tarehe hizi. Nimempima mwenyewe, tepu moja, mkono mmoja. Amejaa tumbo, anashiba kwa vijiko vitano, nyonga inauma kushoto, na choo changu anakijua kuliko mimi. Ni zaidi ya miezi miwili. Tunaomba aangaliwe ovari. Ukituambia hakuna kitu, nitakushonea koti bure na nitaomba radhi. Lakini bila kuangaliwa sitoki kwenye kiti hiki."

Kalamu ilisimama. Daktari alivuta daftari karibu. Alilisoma kwa muda, na usingizi ukamtoka machoni. Akaisogeza pembeni karatasi ya dawa na kumgeukia mgonjwa, akaanza kuuliza upya, safari hii bila haraka. Mwishoni akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua saratani ya titi au ya ovari.

Mwalimu Breki aliangalia mikono yake. "Shangazi yetu mdogo. Walituambia ni tumbo. Lilijaa, lilijaa, basi. Hatukuwahi kuuliza ni tumbo gani."

Siku hiyo hiyo akapigwa picha ya ultrasaundi na kutolewa damu. Kwenye ovari ya kushoto palikuwa na uvimbe ukubwa wa nazi ndogo. Wakaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, na Mama Pini akaipeleka mwenyewe, hakungoja simu ya mtu. Aliketi kwenye benchi la bingwa kwa siku mbili, anashona vifungo vya mashati aliyokuja nayo kwenye mfuko, hadi karani wa mapokezi akachoka kumtazama na akatafuta nafasi. Baada ya siku kumi na moja, Mwalimu Breki akapasuliwa.

Mume, yule tarishi, alikuwa amekaa ukutani siku hiyo, amejikunyata. Daktari bingwa alitoka, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache. Ilikuwa saratani kweli. Lakini ilikuwa bado ndani ya ovari, haijavuka kwenda kokote walikoweza kuona. Atahitaji dawa za mishipani kwa kipindi, na kufuatiliwa kwa miaka. "Siwezi kuwaahidi kesho," alisema. "Lakini leo mmeileta mapema, na si wengi wanaoileta mapema. Mngengoja mpaka mwisho wa mwaka, tungekuwa na mazungumzo mengine."

Mume alianza kulia kwa sauti. Mama Pini alimshika bega, na akagundua kwamba mkononi bado ana shati la mtu na sindano imening'inia kwenye kifungo.

Miezi mitano ilipita, nayo haikuwa laini. Nywele zilianguka, chakula kilikataa, kuna siku Mwalimu Breki alikuwa hataki kuona mtu. Siku hizo Mama Pini alikwenda hivyo hivyo, akakaa, akafukuzwa, akarudi. Mkunga alipewa vitambaa thelathini na tisa. Cha ishirini na saba alikichukua mgonjwa mwenyewe akakifunga kichwani, kikiwa kimeishia KILA M, na Mama Pini alipotaka kukimalizia, akakataa katakata.

"Kiache. Hapo ndipo uliponiona."

Siku aliyoruhusiwa kurudi kazini, alikuja kupimwa gauni jipya. Ilikuwa Jumamosi, benchi limejaa: bibi arusi mtarajiwa na mama yake, mwalimu wa chekechea, na mwanamke mmoja muuza mitumba, mteja wa miaka mingi, mpole, asiyesema sana. Mwalimu Breki alipanda kwenye kigoda, kitambaa kichwani, mikono imenyooshwa. Mama Pini akachukua tepu na, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akatia pini nne mdomoni.

"Toa," alisema wifi.

"Mm?"

"Toa hizo pini. Pima, usome kwa sauti. Wasikie."

"Wifi, watu wapo."

"Ndiyo maana nasema kwa sauti. Mimi naweza kufundisha barabara nzima kusimama, nitaonea aibu benchi moja?" Akawageukia waliokaa. "Huyu mti wa kutundikia nguo aliniokoa na tepu. Asingefungua mdomo, leo mngekuwa mnamshonesha nguo za msiba wangu."

Mama Pini alizitoa pini, akazichomeka kwenye sponji. Akapitisha tepu. "Mabega, kumi na tano na nusu," akasoma. "Mkono, kumi na mbili. Kiuno, thelathini na mbili na nusu."

"Januari ya mwaka jana?"

"Thelathini na tatu."

"Andika. Tia tarehe."

Akaandika, akatia tarehe. Mwalimu Breki alishuka, akafunga kitambaa chake vizuri, akatoka kwenda kwa mzee wake mstaafu, ambaye alikuwa ameshafaulu mtihani lakini alikuja tu kumpigia honi.

Mama Pini aliita anayefuata, na muuza mitumba akanyanyuka, akapanda kwenye kigoda. Alisimama pale bila kuinua mikono.

"Fundi," alisema, "ile sketi yangu ya kijivu. Umewahi kuipanua?"

Mama Pini alimtazama. Bibi arusi aliacha kuongea na mama yake.

"Mara mbili," Mama Pini akajibu. Akavuta daftari, akatafuta ukurasa, na akageuza maandishi yamwelekee mwenye kiuno. "Njoo tusome wote."